Buibui wa nyumbani hamkojolei mtu: Malengelenge ya msimu wa mvua yanatoka wapi?

KILA mwaka mvua za kwanza zinapoanza kunyesha katika mikoa ya Shinyanga na Geita, kati ya Oktoba na Novemba, wageni wawili hubisha hodi majumbani karibu kwa wakati mmoja. Wa kwanza ni buibui, ambaye huonekana ukutani, darini na nyuma ya mlango kwa wingi kuliko miezi ya kiangazi. Wa pili ni lengelenge linalowaka moto, ambalo mtu huamka nalo asubuhi shingoni, usoni au kwenye mkunjo wa kiwiko.

Kwa kuwa wawili hao hufuatana, wengi wamezoea kuwaunganisha. Mwenye lengelenge huambiwa kwamba "amekojolewa na buibui", na huo huwa ndio mwisho wa uchunguzi. Buibui hupondwa kwa kandambili, kidonda hupakwa chochote kilicho karibu, na maisha yanaendelea.

Imani hiyo si ya Kanda ya Ziwa peke yake; husikika pia Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi. Hata hivyo, haina ukweli, na anayeumia kwa sababu yake si buibui tu. Miongoni mwa vidonda vinavyobebeshwa jina la mkojo wa buibui yamo maradhi ambayo mgonjwa akichelewa siku tatu, amekwishapoteza nafasi iliyo bora ya tiba.

Kwa nini huonekana msimu huu

Katika nchi za Ulaya, buibui huonekana zaidi ndani ya nyumba wakati wa majira ya majani kupukutika, hususan Septemba na Oktoba. Watu wa huko hudhani kwamba wadudu hao wanakimbia baridi. Ukweli ni kwamba wengi wanaoonekana wakikatiza sebuleni ni madume yaliyokomaa yanayotafuta majike, na walikuwamo ndani au kando ya nyumba hiyo siku zote.

Shinyanga na Geita hazina majira hayo. Kuna kiangazi kikali cha kati ya Juni na Septemba, kisha mvua ambazo huendelea hadi Aprili au Mei. Lakini kanuni ni ileile: buibui hafuati nyumba, hufuata chakula na mwenzi wake.

Mvua ya kwanza huwatoa kumbikumbi vichuguuni na kuwaleta kwenye taa. Upande wa Geita na Chato, karibu na Ziwa Victoria, wadudu wadogo wa ziwani huibuka kwa mawingu, hasa nyakati za mwezi mwandamo. Nyumba inayowasha taa ya nje usiku kucha inakuwa, kwa buibui, sawa na mgahawa usiofungwa.

Katika makazi ya wachimbaji wadogo hali hiyo huzidi. Hema la turubai, rundo la magogo ya kuegemezea kuta za maduara, mifuko ya mawe iliyopangwa kando ya mlango na taa ya jenereta inayowaka hadi alfajiri ni mahali pazuri pa kujificha na pa kuwindia. Mchimbaji anapoondoka kufuata rashi mpya na kuhamisha magogo yake, huhama pia na buibui wake.

Aidha, yupo buibui mkubwa mwenye manyoya aishiye kwenye shimo ardhini, ambaye wataalamu humwita Pterinochilus murinus. Msimu wa mvua madume ya jamii yake huzurura kutafuta majike, na mengine huishia vyumbani. Huyu huuma kwa uchungu mkubwa na anaweza kusababisha misuli kukaza kwa siku kadhaa, lakini hajulikani kuua mtu.

Wenyeji wa ukutani

Wengi wa wale wanaoishi ndani kwa kudumu hawana madhara. Anayejulikana zaidi ni yule mwenye miguu mirefu na myembamba kama nyuzi, anayekaa kichwa chini kwenye pembe ya dari na kutikisika kwa kasi akiguswa. Upo uvumi ulioenea duniani kwamba ndiye mwenye sumu kali kuliko wote ila meno yake ni mafupi mno. Huo ni uvumi mtupu. Hula mbu, nzi na hata buibui wenzake.

Yupo pia aliye bapa kana kwamba amekanyagwa, ambaye hana utando na hukimbia kiupandeupande kabla mtu hajainua ufagio. Mwingine ni yule mkubwa wa rangi ya kahawia, mwenye miguu inayoenea karibu kiganja kizima, anayewinda mende usiku. Jike lake hubeba mayai tumboni katika kifuko cheupe kilicho mviringo kama sarafu, jambo linalowatisha wengi bila sababu.

Wa kuangaliwa kwa hadhari ni buibui mjane wa kahawia, mwenye alama ya rangi ya chungwa chini ya tumbo. Hupenda chini ya viti, kwenye vyoo vya nje na ndani ya vitu vilivyoachwa muda mrefu, na vifuko vyake vya mayai vina miiba midogo pande zote. Huuma akibanwa. Mara nyingi huleta maumivu ya pale alipouma, ambayo hupungua bila kuacha athari, ingawa mtoto mdogo aliyeumwa anapaswa kupelekwa kituo cha afya.

Duniani zimekwishaelezwa aina zaidi ya 50,000 za buibui. Zinazoweza kumdhuru binadamu kwa kiasi cha kumpeleka hospitali ni chache sana.

Ama kuhusu mkojo, maumbile yenyewe yanapinga. Buibui hatoi mkojo wa majimaji kama ng'ombe au mbwa. Taka za mwili wake hutoka zikiwa uji mzito mweupe wenye maji kidogo, ndiyo yale madoa meupe yanayoonekana ukutani chini ya utando. Hazichomi ngozi.

Mhusika wa kwanza

Lengelenge la msimu wa mvua mara nyingi husababishwa na mdudu mwingine kabisa, ambaye wengi humfahamu kwa jina la inzi wa Nairobi. Jina hilo linapotosha kwa sababu si inzi, bali ni jamii ya mbawakawa, mwembamba, mwenye urefu usiofika sentimeta moja, mwekundu na mweusi. Mtu asiyemjua anaweza kumdhania siafu aliyevaa sare.

Mdudu huyo haumi wala hakojoi. Sumu yake imo ndani ya mwili wake, na humwagika anapopondwa juu ya ngozi. Mtu humhisi akitembea shingoni usiku, humpiga kofi akiwa usingizini, na kesho yake huona mstari mwekundu unaowaka ambao baadaye huota malengelenge. Akiwa amemponda kwenye mkunjo wa kiwiko, jeraha hutokea pande mbili zinazokutana, kana kwamba limepigwa chapa. Mkono wenye sumu ukifikishwa jichoni, jicho huvimba.

Huzaliana kwa wingi mvua zikiwa nyingi, kama ilivyotokea nchini Kenya mwaka 1998 baada ya mvua za El Nino, na hupenda taa. Kwa hiyo usiku mmoja, chini ya taa moja, hukutana mdudu mwenye sumu, mbu, kumbikumbi, na buibui aliyekuja kuwala. Asubuhi anayebaki ukutani ni buibui, naye ndiye anayehukumiwa.

Ushauri wa wataalamu wa ngozi ni kumpuliza mdudu huyo au kumwondoa kwa karatasi, si kumponda. Aliyekwisha kumponda aoshe mahali hapo mara moja kwa maji mengi na sabuni, na asishike macho. Kwa kawaida jeraha hupona ndani ya wiki moja hadi tatu.

Yasiyotakiwa kusubiri

Kuna malengelenge ambayo hayatokani na mdudu yeyote. Mkanda wa jeshi huletwa na kirusi kilekile cha tetekuwanga, ambacho hubaki kimelala kwenye mishipa ya fahamu kwa miaka mingi baada ya mtu kupona, kisha huamka kinga ya mwili inapopungua. Dalili yake ni maumivu ya kuchoma yanayoweza kutangulia kwa siku kadhaa, halafu malengelenge yanayojipanga upande mmoja tu wa mwili, kifuani, mgongoni, kiunoni au usoni, bila kuvuka kwenda upande wa pili.

Dawa ya kupambana na kirusi hicho ipo, na hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu malengelenge kutokea. Yakiwa kwenye paji la uso au ncha ya pua, jicho limo hatarini na mgonjwa anaweza kupoteza uwezo wa kuona.

Wazee hupata mkanda wa jeshi bila kuwa na ugonjwa mwingine. Kwa kijana, hata hivyo, unaweza kuwa ishara ya kwanza ya maambukizi ya VVU, na Shirika la Afya Duniani limeuweka katika hatua ya pili kati ya nne za ugonjwa huo. Katika kanda ambayo maelfu ya vijana huhamahama kati ya Katoro, Nyarugusu, Kahama na kwingineko kufuata dhahabu, kijana anayeambiwa na wenzake kambini kwamba ni mkojo wa buibui tu amenyimwa sababu ya kwenda kupima. Tangu mwaka 2016 Tanzania imefuata utaratibu wa kumwanzishia dawa za kufubaza makali ya VVU kila anayegundulika, bila kusubiri kinga ishuke, na dawa hizo hutolewa bila malipo.

Upande wa wafugaji, kidonda cha kuogopwa ni kimeta. Huanza kama kipele kinachowasha, kikawa lengelenge, kisha kidonda chenye gamba jeusi katikati ambacho, kwa namna ya kushangaza, hakiumi. Aliyechinja, kuchuna au kugusa nyama ya mnyama aliyekufa ghafla na kisha akaona kidonda cha namna hiyo hapaswi kulala nacho. Kimeta cha ngozi hutibika kwa antibayotiki kikiwahiwa.

Buibui anayechagua mbu

Wapo wanaomaliza ubishi wote kwa kopo la dawa ya kupuliza. Katika wilaya zinazolima pamba kuna kishawishi kibaya zaidi, cha kuleta ndani kiuatilifu cha shambani. Sumu hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya chumba anacholala mtoto, na buibui hastahili kuwa sababu ya kuifungua. Ufagio, kupunguza mrundikano wa vitu na kuzima taa ya nje vinatosha. Asiyetaka kuua anaweza kumfunika kwa kikombe, akapitisha karatasi chini yake na kumtoa nje.

Katika eneo hilohilo la Ziwa Victoria, kwenye kituo cha utafiti cha Mbita Point nchini Kenya, watafiti wakiongozwa na Robert Jackson wa Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand, walitangaza mwaka 2005 habari za buibui mdogo mrukaji aitwaye Evarcha culicivora, mwenye urefu wa milimita tano hivi. Buibui huyo, anayefahamika kutoka upande wa Kenya na Uganda wa ziwa, huchagua mbu jike aliyeshiba damu, na humpendelea Anofelesi, yule anayeeneza malaria. Mwaka 2011 ilielezwa kwamba huvutwa hata na harufu ya soksi zilizovaliwa.

Kwa Geita, ambako utafiti wa kitaifa wa mwaka 2017 ulikuta malaria kwa asilimia 17 hivi ya watoto waliopimwa, huku wastani wa nchi ukiwa asilimia 7, habari hiyo inavutia. Hata hivyo, haiondoi chandarua wala dawa ya ukoko inayopuliziwa kutani. Buibui huyo huwinda kwa macho, mchana, na humkamata mbu akiwa amekwisha kumuuma mtu. Anachozuia ni safari inayofuata: vimelea vilivyoingia tumboni mwa mbu huhitaji siku kumi au zaidi kabla ya kuweza kuambukizwa kwa mwingine, na mbu aliyeliwa asubuhi hafiki siku hiyo.