Kabla Bendi Haijanunua Kompresa

Mwimbaji akiimba kwa utulivu hasikiki. Akipaza, spika zinapasua masikio. Hapo wengi huambiwa dawa ni kompresa. Kwa bendi au kwaya ya Kifaru, kando ya barabara kuu ya Moshi kwenda Same, inayopiga harusini leo na kwenye mkutano wa injili kesho, ushauri huo unaweza kumaliza mfuko bila kuponya kitu.

Kompresa hubana sauti inapovuka kiwango ulichopanga. Ukiiweka 4 kwa 1, desibeli 8 zilizozidi hutoka 2 tu. Kisha fundi mitambo huipandisha sauti yote ili irudi ilipokuwa. Akipandisha desibeli 6, matoazi, gita la solo na monita (spika za kumsikilizisha mwimbaji jukwaani) zinazoingia kwenye maiki ileile hupanda pia, na maiki husogea desibeli 6 karibu na kupiga mluzi. Kompresa haitengi sauti ya mwimbaji na kelele za jukwaani. Hubana vyote kwa pamoja.

Bila gharama
Inua ampli ya gita ielekee masikio ya mpigaji, si magoti yake, naye atapunguza mwenyewe. Mwimbaji asogeze mdomo karibu na maiki: umbali ukipungua nusu, maiki hupata takriban desibeli 6 zaidi. Maiki isiyotumika ifungwe, maana kila idadi ya maiki zilizo wazi inapozidishwa mara mbili, unapoteza kama desibeli 3 za nafasi kabla ya mluzi. Maiki ya Shure SM58 haisikii vizuri kwa nyuma, hivyo monita ikae nyuma yake moja kwa moja. Beta 58A huzitaka monita nyuma lakini pembeni kidogo.

Kwa fedha
Bei hizi ni makadirio ya maduka ya ng'ambo. Ukinunua Kariakoo au Arusha, tegemea usafiri, ushuru na VAT ya 18% juu yake.

Yamaha MG12XU, dola 300 hadi 450: ni mikisa yenye kompresa ya kitufe kimoja cha kuzungusha kwenye baadhi ya chaneli. Ni rahisi kujifunza na inafaa waimbaji wachache.

Behringer MDX2600, dola 130 hadi 200: ni kompresa yenye njia mbili tu. Waimbaji wanne wanahitaji mbili, pamoja na nyaya za kuziunganisha na mikisa yenye matundu ya kuzipokea.

Behringer XR18, dola 550 hadi 800: ni mikisa ya kidijitali yenye viingilio vya maiki 16, kompresa kila chaneli na njia 6 za monita. Huendeshwa kwa simu au tableti, kwa hiyo fundi husimama walipo wasikilizaji. Umeme ukikatika huzimika na kuanza upya. Tenga fedha za UPS.

Behringer P2, dola 50 hadi 70 kwa mtu, bila visikizi: ni kifaa cha kusikilizia monita masikioni, na huondoa monita moja jukwaani.

Tofauti kubwa haimo kwenye bei. Kwenye mikisa ya kawaida, sauti iliyobanwa ndiyo inayokwenda pia kwenye monita. Mwimbaji hujisikia hapandi hata akijikaza, hivyo huzidi kujikaza, na mluzi unakaribia. Kwenye XR18 unaweza kupeleka monita sauti ya kabla ya kompresa, na wasikilizaji wapate iliyobanwa.

Uamuzi
Bendi inayopiga mara chache ikodi. Gawanya bei ya mtambo kwa malipo ya kukodi mara moja. Kama jibu linazidi maonyesho yako ya miaka miwili, usinunue. Kabla ya kulipa, muulize mwenye mitambo anatoa njia ngapi za monita na kama chaneli za waimbaji zina kompresa.

Kundi la kila wiki lenye waimbaji wawili litatosheka na MG12XU. Wakifika wanne, mikisa na MDX2600 mbili zinakaribia bei ya XR18 na bado monita zinabanwa, hivyo nunua XR18. Anza na 3 kwa 1, na kipimo kionyeshe kubana desibeli 3 hadi 6 pale tu mwimbaji anapopaza. Kikionyesha kubana muda wote, legeza.