Bwera, Kasindi na dakika moja ya saa ya baharini

UKIVUKA daraja la mto Lubiriha kutoka Mpondwe kwenda Kasindi, unarudisha saa yako nyuma kwa saa nzima. Saa saba mchana ya Bwera ni saa sita ya Kasindi, ingawa jua ni lile lile. Ndiyo maana mfanyabiashara anayepatana na mwenzake wa Beni huuliza kwanza: "Saa ya Uganda au ya Kongo?"

Kila nikilisikia swali hilo nakumbuka chombo ambacho wengi wa hapa hawajakiona kwa macho: saa ya baharini iitwayo kronomita. Ukifuata historia ya kazi yake utafika mpaka kwenye mpaka wetu huu.

Zamani nahodha aliweza kujua yuko kaskazini au kusini kiasi gani kwa kupima jua na nyota. Tatizo lilikuwa mashariki na magharibi. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa moja. Kwa hiyo, ukijua saa iliyopo London na ukaiona saa ya jua mahali ulipo, tofauti yake inakuonyesha longitudo yako. Lakini saa za kawaida zilipotea kwa joto na mawimbi. Mwaka 1759 fundi Mwingereza, John Harrison, alikamilisha saa iliyoweza kustahimili safari ya bahari.

Kronomita zilizofuata ziliwekwa ndani ya sanduku la mbao, zikaning'inizwa kwenye bangili za shaba ili meli ikiyumba, saa ibaki imelala sawa. Meli ya kivita ya Uingereza, Beagle, iliyosafiri kuanzia mwaka 1831 hadi 1836 ikiwa na mwanasayansi Charles Darwin, ilichukua kronomita 22. Moja, iliyotengenezwa na Thomas Earnshaw wa London, imehifadhiwa British Museum. Baada ya kuizunguka dunia, mabaharia walijumlisha vipimo vyao na kukuta jumla imezidi saa 24 kwa sekunde 33 hivi.

Sekunde 33 zinaonekana kidogo, lakini hapa kwetu kwenye ikweta ni kama kilomita 15. Dakika nzima ni karibu kilomita 28.

Na hiyo ni baharini. Bara, saa hizo zilibebwa na wapagazi, zikapigwa na mvua na kuanguka njiani. Richard Burton na John Speke walipotoka pwani mwaka 1857 kuelekea Ujiji, saa zao ziliharibika. Speke akalazimika kufunga risasi kwenye uzi na kuibembeza ili ahesabu sekunde. Kwa vipimo vya namna hiyo ndivyo ramani za kwanza za maziwa yetu zilivyochorwa.

Sasa turudi Bwera. Mwaka 1885 Mfalme Leopold wa Ubelgiji alipotangaza mipaka ya Kongo yake, upande huu uliwekwa longitudo 30. Uingereza ikaukubali mstari huo katika mkataba wa Mei 12, 1894. Longitudo 30 maana yake ni saa mbili kamili mbele ya Greenwich, na ndiyo saa inayotumika Kasindi hadi leo.

Ramani za wakati huo ziliuweka mstari huo magharibi mno. Waingereza wakaamini milima ya Rwenzori yote ni yao. Mwanzoni mwa karne ya 20 wapimaji walikuja na vyombo bora, wakakuta longitudo 30 iko maili kadhaa mashariki zaidi. Kwa maneno ya mkataba, kilele cha Margherita, ziwa la chumvi la Katwe na Bwera yenyewe vilikuwa upande wa Kongo. Mahali ulipo mji wa Kasese leo pangebaki Uganda kwa kilomita chache tu.

Bwera iko magharibi ya mstari huo kwa takriban dakika moja ya saa, basi.

Tume ya Waingereza na Wabelgiji ilipima eneo hili mwaka 1907 na 1908. Mei 1910 wakubwa walikutana Brussels, wakauacha mstari wa saa na kufuata mito na vilele. Ndipo Lubiriha, ambao mkataba unauita Lubilia, ukawa mpaka. Mwaka 1915 mkataba wa mwisho ukatiwa saini. Wakonzo wa upande huu na ndugu zao Wanande wa ng'ambo hawakuulizwa.

Nayaandika haya kwa sababu wapo waliorudi kutoka Kongo baada ya miaka mingi, na wakifika nyumbani huitwa wageni. Wapo pia akina mama wa sokoni wanaotiliwa shaka kila upande kwa lafudhi yao tu. Sheria ya mpaka tuiheshimu na vitambulisho tubebe. Lakini anayemwita jirani yake Mkongo kwa dharau akumbuke kwamba kabla ya 1910, kwa hesabu ya saa, hata kiwanja anachosimama kilikuwa cha Kongo.