Mafuta ya pompi: baridi isitudanganye

Kipwa imefika, na asubuhi ya Kolwezi inauma mifupa. Pikipiki inakataa kuwaka, na poste ya kwanza ku kariyeri haingojei mutu. Hapo njo shauri moja inatembea toka parseli hadi parseli: mafuta yamekuwa mazito, weka ndani kidogo ya mafuta ya taa, ao esansi, yatapita muzuri. Shauri hii inaua motere.

Motere ya mapigo mawili inaunguza mafuta yake pamoja na esansi. Zamani kila mutu alichanganya mwenyewe mu tanki, litre 1 ya mafuta kwa litre 20 za esansi. Mwaka 1964 Yamaha ilileta Autolube: tanki ndogo ya mafuta peke yake, tiyo nyembamba, na pompi. AG100, ile wengi wetu tunaijua, iko vile. Pompi inafuata mbio ya motere na namna mukono unafungua gazi. Ukienda polepole inatoa kidogo sana. Ukipanda mulima na mizigo, inaongeza.

Lakini pompi inapima wingi tu, haijui ni nini inapita ndani yake. Ukitia sehemu 1 ya mafuta ya taa kwa sehemu 4 za mafuta, pistoni inapungukiwa moja ya tano ya chakula chake. Tena yale yanayobaki yamekuwa mepesi, hayashiki ku chuma. Asubuhi pikipiki itatembea vizuri kabisa, na ule njo ujanja wake. Saa sita, jua kali, watu wawili na mufuko wa unga nyuma, pistoni inavimba na kukwama mu silinda. Gurudumu la nyuma linafunga, watu wako chini. Halafu pesa ya masomo ya watoto inakwenda kununua silinda.

Mafuta mazuri ya pompi yamekwisha kupunguzwa uzito ku kiwanda, kwa kipimo. Tafuta bidoni inayosema wazi ni ya mapigo mawili na inafaa pompi. Alama TC ni ya motere inayopozwa na upepo. Mafuta ya gari, hapana: ni mazito zaidi, na inachafua buji.

Mara nyingi hata baridi haina kosa, ni hewa. Tanki ndogo ikikauka, hewa inaingia mu tiyo, na kujaza tena haitoshi. Fungua vise ya hewa ku pompi, ngoja mafuta yatoke bila povu, ndipo ufunge. Ile siku tia pia mafuta mu esansi, mililitre 50 kwa kila litre, mpaka uone tanki ndogo inashuka.

Mwenye amekwisha kutia mafuta ya taa, amwage yote, ajaze mapya, atoe hewa vilevile. Motere itatoa moshi mwingi. Iache itoe.