Kabla ya kamati ya nidhamu, mketisheni kijana mzungumze

Wazazi wengi hujua kwamba mtoto wao ana taabu chuoni siku wanapoarifiwa kuwa amesimamishwa masomo. Karo imelipwa, pengine kwa mkopo wa chama, na sasa kijana amerudi nyumbani na sanduku lake. Kila mtu anauliza, "Amefanya nini?" Ni wachache wanaouliza, "Alikuwa na nini?"

Swali hilo la pili lina uzito. Mara nyingine tabia mbaya huwa dalili, kama vile homa inavyoweza kuwa dalili ya malaria. Kijana aliyekuwa mtulivu akianza kugombana na wenzake, kukosa masomo au kulewa katikati ya wiki, huenda ana mfadhaiko, hapati usingizi, hana pesa za chakula, au amefiwa na hajamwambia mtu. Wataalamu wanaeleza kwamba magonjwa mengi ya akili huanza kabla ya mtu kufikisha miaka 25, na huo ndio umri wa wanafunzi wengi wa vyuo vikuu.

Hii haimaanishi kwamba kila mkosaji ni mgonjwa, wala kwamba mgonjwa hawezi kukosea. Maana yake ni kuwa makosa madogo yafaa kushughulikiwa mapema kwa mazungumzo, kabla ya kufikishwa mbele ya kamati ya nidhamu.

Sheria inasemaje?

Njia hii si ya kupendeleana. Kifungu cha 159 cha Katiba ya 2010 kinazitaka mahakama kukuza upatanisho na njia nyinginezo za kutatua migogoro. Chuo kikuu si mahakama, lakini wazo ni lilo hilo.

Aidha, Kifungu cha 47 kinampa kila mtu haki ya kutendewa kwa haki na wasimamizi, na kupewa sababu kwa maandishi iwapo haki yake itaathiriwa. Kwa hivyo, mwanafunzi anayesema hakutenda kosa asishurutishwe kukubali suluhu ili mambo yaishe. Ana haki ya kusikilizwa rasmi.

Mazungumzo yanavyofanywa

Chukua mfano wa wanafunzi wawili wanaolala chumba kimoja. Mmoja hurudi usiku wa manane akiwa amelewa, huwasha taa na kufungulia muziki. Mtu mzima anahitaji angalau saa saba za usingizi, lakini mwenzake hupata saa nne tu. Anasinzia darasani, kichwa kinamwuma na hasira zake ziko karibu. Usiku mmoja wanashikana mashati na mlango unavunjika.

Kwanza, kila mmoja asikilizwe peke yake, faraghani. Msimamizi wa bweni au afisa wa wanafunzi asiishie kuuliza ni nani aliyeanza. Aulize pia kuhusu usingizi, chakula, pombe na hali ya nyumbani.

Pili, wote wawili wakikubali, waketi pamoja. Kila mmoja aeleze jinsi alivyoumizwa, bila matusi na bila kukatizwa.

Tatu, mapatano yaandikwe kwa maneno machache: nani atalipia mlango, taa itazimwa saa ngapi, na kama mmoja atahamia chumba kingine.

Nne, ipangwe siku ya kukutana tena, pengine baada ya wiki mbili. Mapatano yasiyofuatiliwa husahauliwa upesi.

"Sitakunywa tena"

Hiyo ni ahadi ambayo wakubwa hufurahi kuisikia. Hata hivyo, ina hatari yake. Mtu aliyezoea kunywa pombe nyingi kila siku akiacha ghafla anaweza kutetemeka, kuchanganyikiwa, hata kupatwa na degedege. Hali hiyo inaweza kuua. Kijana wa namna hiyo aonwe na daktari kwanza, ili aache pombe chini ya uangalizi.

Wengine hunywa ili walale. Pombe huleta usingizi haraka, lakini huukatiza baadaye usiku, na asubuhi mtu huamka akiwa amechoka zaidi.

Jambo jingine ni kutenganisha kazi. Mshauri anayemsikiliza kijana asiwe ndiye atakayemwadhibu. Mwanafunzi akijua kwamba kila neno litaingia katika faili ya nidhamu, hatasema ukweli, na tiba haitapatikana.

Yasiyofaa kumalizwa kimyakimya

Kuna mambo ambayo hayasuluhishwi kwa kikombe cha chai. Ubakaji, shambulio la kutumia silaha na uuzaji wa dawa za kulevya ni makosa ya jinai. Tangu 2006 tunayo Sheria ya Makosa ya Kingono, na kumketisha aliyebakwa mbele ya mshukiwa ili wapatane ni kumwongezea jeraha. Apelekwe hospitalini haraka iwezekanavyo, kwani dawa za kuzuia maambukizi ya HIV lazima zianzwe kabla ya saa 72 kupita.

Vilevile, mwanafunzi anayesema anataka kujiua asiachwe peke yake hata kidogo. Afikishwe kwa wahudumu wa afya siku hiyo hiyo, na siri hiyo isifichwe. Mficha maradhi kilio humfichua.

Mzazi afanye nini?

Unapompigia mwanao simu, usiulize mitihani pekee. Muulize analala saa ngapi, anakula nini na anaelewana vipi na wenzake. Sauti ikibadilika, nenda ukamwone.

Barua ya chuo ikifika, zuia hasira kwanza. Uliza kosa ni lipi hasa, kama mwanao ameonwa na daktari au mshauri, na kama kuna nafasi ya kulimaliza jambo kwa mazungumzo. Ikiwa kuna mtu aliyeumizwa, mwanao awe tayari kuomba radhi na kulipia alichoharibu.

Bei ya mlango mpya inaweza kulipwa kwa mwezi mmoja au miwili. Mwaka wa masomo uliopotea ni mzigo mzito zaidi, na ugonjwa ulioachwa bila tiba humfuata kijana hadi nyumbani.