Kuunganisha Mipangilio ya Kale na Mipya katika Programu za Kompyuta

Programu nyingi zinazoendeshwa kwa amri za maandishi hupokea maagizo yake kutoka katika faili la mipangilio. Msimamizi wa kompyuta hulirekebisha faili hilo apendavyo. Kisha toleo jipya la programu huja na faili jingine, lenye maagizo mengine na pengine majina mengine. Hapo swali ni lile lile limkabililo mhariri wa nakala za tenzi: kila tofauti imetokana na mkono wa nani?

Nakala mbili peke yake haziwezi kulijibu swali hilo. Hapana budi iwepo ya tatu, yaani asili. Katika mfumo wa Debian, ulioanzishwa mwaka 1993, programu iitwayo dpkg huhifadhi alama ya herufi na tarakimu 32, iliyokokotolewa kutokana na faili kama lilivyoletwa kwanza. Ikiwa faili lililopo lingali sawa na asili, msimamizi hakuligusa, na jipya huwekwa bila ya swali. Ikiwa jipya ndilo lililo sawa na asili, kazi ya msimamizi huachwa ilivyo. Pande zote mbili zikiwa zimebadilika, kila upande kwa njia yake, dpkg huuliza. Msimamizi akibonyeza tu kitufe cha kuingiza, faili lake hubaki, na jipya huwekwa kando kwa kiishio .dpkg-dist, akichagua jipya, lake huhifadhiwa kwa kiishio.dpkg-old.

Lakini kuhifadhi maneno si kuhifadhi maana. Mwaka 2021, katika toleo la 8.7 la OpenSSH, agizo ChallengeResponseAuthentication lilipewa jina jipya, KbdInteractiveAuthentication, na jina la kale likaachwa kuwa kisawe chake. Tuseme msimamizi alikuwa ameandika jina la kale pamoja na neno no, ili kuzuia watu wasiingie kwa kujibu maswali, kama vile kuulizwa nywila. Kisha katika kuunganisha, jina jipya likatiwa juu yake pamoja na neno yes. Kwa macho mistari hiyo haigongani. Kwa programu ni agizo moja lililotamkwa mara mbili, na katika faili hilo thamani isomwayo kwanza ndiyo ishikayo. Mlango uliodhaniwa kufungwa u wazi. Katika Git kanuni ni kinyume: isomwayo mwisho ndiyo ishikayo.

Kwa hiyo usalama wahitaji utaratibu. Kwanza, nakala ya faili la kale ihifadhiwe. Pili, majina ya kale yabadilishwe kuwa mapya kabla ya kuunganisha, ili visawe visikae pamoja. Tatu, faili la kale na jipya yalinganishwe na asili. Mwisho, programu yenyewe iulizwe imefahamu nini: amri sshd -t hukagua usahihi wa faili, na sshd -T huonyesha maagizo yatakayofuatwa. Jibu hilo lisomwe kabla ya huduma kuwashwa upya.