Mtoto akileta ndege mwenye pete nyumbani

Desemba ya 2021 mwanangu, wakati huo akiwa na miaka tisa, alirudi kutoka ufukweni na ndege mdogo ndani ya kofia yake. Mgongo wa kijivu, tumbo jeupe, miguu mirefu myeusi. Bawa moja lilikuwa limening'inia.

"Mama, mbona huyu amevaa bangili?"

Nilitazama. Kweli, mguuni alikuwa na pete ndogo ya chuma yenye herufi na tarakimu. Nilikuwa na sufuria motoni na wageni sebuleni, sikuwa na muda wa kusoma. Nilimuuliza ni nani aliyempiga. Alinyamaza, nami nikaona mpira wa manati ukichungulia mfukoni mwake. Jioni ile ndege alikufa. Nilimviringisha kwenye gazeti kuukuu nikamtupa, yeye na pete yake.

Mwezi uliofuata, Januari 2022, habari ikatoka Siaya, karibu na Ziwa Viktoria. Mwanakijiji alikuwa amempata tai mla samaki akiwa hoi kwa njaa. Mguuni alikuwa na pete ya makumbusho ya Helsinki. Ndege yule alikuwa ametoka Finland, mwendo wa karibu kilomita 7,000. Aliyempata hakumtupa. Alitoa taarifa, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) likaja kumchukua. Ndege hakupona, lakini safari yake ilijulikana hadi kwao.

Nilisoma habari ile mara mbili. Kisha nikakumbuka gazeti langu kuukuu.

Wageni wa kaskazi

Wazazi wengi wa Pwani tumekulia kando ya ndege hawa bila kuwauliza watokako. Tunajua tu kwamba upepo wa kaskazi ukianza, tope la ufukweni hujaa miguu midogo inayokimbia, na masika yakikaribia huondoka.

Sababu ni baridi. Huko Siberia, Urusi na Finland, ardhi na maziwa huganda. Minyoo, wadudu na samaki hawapatikani tena. Ndege anayebaki hufa njaa, kwa hiyo huruka kuja kusini. Wa kwanza hutufikia mwezi Agosti, na wengi hukaa hadi Aprili. Majira ya baridi ya kwao ndiyo jua kali la kwetu.

Sasa angalia kalenda ya shule. Likizo ndefu ya mwisho wa mwaka huangukia katikati ya msimu huo huo. Watoto wako huru, wana manati, na ufuo umejaa ndege waliochoka. Hapo ndipo mzazi anapoingia.

Walezi wa aina mbili, tope moja

Ukitaka kumwonyesha mtoto jambo ambalo hatalisahau, mpeleke Mida Creek, karibu na Watamu. Kuna daraja la mbao la kuning'inia linalopita katikati ya mikoko hadi kwenye kibanda cha kutazamia. Ada ya kiingilio huchangia karo za sekondari za watoto wa vijiji vya jirani, kupitia mpango ulioanza mwaka 2001. Kwa hiyo hata ukirudi bila kuona cha ajabu, umesomesha mtoto wa mwenzako.

Lakini cha ajabu kipo. Mida hufika ndege mkubwa mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene kama kisu. Chakula chake hasa ni kaa. Huzaliana kwenye visiwa na fukwe za Oman, Ghuba na Bahari ya Shamu. Miongoni mwa ndege wote wa jamii ya ufukweni, ni yeye pekee anayechimba shimo mchangani na kutaga humo, kwa kawaida yai moja. Joto la mchanga humsaidia kulitamia. Kinda akitoka, wazazi humletea kaa shimoni, na hata baada ya kuvuka bahari kuja kwetu, huendelea kumlisha. Ukitulia kibandani unaweza kumwona kijana aliyefikia kimo cha mamake akimfuata nyuma, akilia apewe.

Mama yeyote mwenye kijana wa kidato cha nne nyumbani ataielewa picha hiyo.

Hatua chache kutoka hapo, kwenye tope lile lile, hula kitwitwi mwenye mdomo uliopinda kidogo kuelekea chini. Huyu huzaliwa kaskazini kabisa mwa Siberia. Babake huondoka mapema, hashiriki kulea. Mamake naye huondoka makinda yakishaweza kujitegemea. Wiki kadhaa baadaye makinda hayo, ambayo hayajawahi kuona Afrika, huruka yenyewe na kufuata njia ambayo hakuna mkubwa aliyewaonyesha.

Mwanangu alipolisikia hilo alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, "Yule wangu pia alikuja peke yake?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Wanaoonekana kwa nadra

Baadhi ya wageni hawa ni wachache sana. Kule Ngulia, ndani ya Tsavo Magharibi, tangu 1969 wataalamu na watu wa kujitolea hukusanyika kila Novemba na Desemba. Usiku wa ukungu, ndege wanaosafiri gizani huvutwa na taa za hoteli. Hunaswa kwa nyavu laini, huvishwa pete, hupimwa na kuachiliwa. Kati yao huwemo ndege mdogo wa matete wa Basra, anayezaliana kwenye mabwawa ya kusini mwa Iraki, mengi ambayo yalikaushwa miaka ya 1990. Yuko hatarini kutoweka, lakini msimu huu hupita juu ya vichwa vyetu.

Hata waliokuwa wa kawaida wanapungua. Oktoba 2024, shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilimwingiza yule kitwitwi wa Siberia kwenye orodha ya viumbe walio hatarini.

Na kuna aliyekwisha kwenda. Sululu, ndege mwenye mdomo uliopinda kama jembe la kuchimbia, bado tunamwona ufukweni. Alikuwa na ndugu yake mwenye mdomo mwembamba, aliyekwenda Moroko kila majira ya baridi. Mara ya mwisho kuonekana kwa uhakika ilikuwa mwaka 1995, kwenye wangwa wa Merja Zerga. Watu waliendelea kumtafuta kwa miaka 30. Oktoba 2025 IUCN ilitangaza kwamba ametoweka duniani.

Hakutoweka kwa manati ya mtoto mmoja. Makazi yaliharibiwa na uwindaji ulikuwa mwingi. Hata hivyo, ndege wanapobaki wachache, kila mmoja huhesabika.

Nini cha kufanya na watoto

Chagua saa ya maji. Maji yakiwa yamekupwa kabisa, ndege huwa mbali. Nenda yanapoanza kujaa, kwa sababu huwasogeza karibu nawe.

Kaeni, msiwafuate. Kila wanaporushwa hupoteza mafuta waliyokula ili wapate nguvu za kurudi kwao. Mfundishe mtoto kwamba mtazamaji hodari ni yule ambaye ndege hawakumwona.

Mpe mtoto kazi. Ahesabu, achore midomo, aandike tarehe. Midomo mirefu huchimba chini sana, mifupi huokota juu. Ndiyo maana wengi hula pamoja bila kugombana.

Rudini mwezi Aprili. Yule kitwitwi wa kijivu atakuwa anageuka mwekundu kama tofali, amenenepa, tayari kwa safari.

Mkipata ndege mwenye pete aliye hai, msiivue. Pigeni picha, andikeni herufi na tarakimu zote, mahali na tarehe. Akiwa amekufa, hifadhini pete. Pelekeni taarifa kwa ofisi ya KWS iliyo karibu au Makumbusho ya Taifa. Kuna mtu alimvisha pete ile, na tarakimu hizo zitamwambia alikofika.

Ndege aliyejeruhiwa awekwe ndani ya katoni yenye matundu, mahali penye giza na utulivu. Msimlazimishe kunywa maji. Pigeni simu.

Na kuhusu manati, usiishie kukataza. Mimi nilikataza mara nyingi, nayo ikahamia mfuko mwingine. Kilichomaliza manati nyumbani kwetu ni ile safari ya Mida. Mtoto akishajua mtu anatoka wapi, si rahisi kumrushia jiwe.

Siku hizi kijana wangu hunipita kwa kimo. Likizo hii ameomba darubini. Tuliuliza bei, tukatazamana na babake. Tunachanga polepole. Kwa sasa anatumia macho, na daftari ambalo ukurasa wake wa kwanza una mchoro wa ndege wa kijivu mwenye pete mguuni. Mahali pa tarakimu ameacha wazi.