Damu Ipimwe Kabla ya Posa

Posa ikija nyumbani, wazee huuliza khabari za dini ya kijana, tabia yake, kazi yake na ukoo wake. Ni maswali ya haki, wala hatuyapingi. Walakini liko swali moja liachwalo mara nyingi: damu za wawili hawa zikoje?

Twasema juu ya selimundu, ugonjwa ambao chembe nyekundu za damu hupindika mfano wa mundu, zikaziba mishipa midogo, mtoto akapatwa na maumivu makali ya mifupa na upungufu wa damu. Mtu mzima wa afya huweza kuwa na jeni moja ya ugonjwa huo, aliyoirithi kwa mzazi mmoja, akaishi umri wake wote bila ya kujijua. Huyo huitwa mchukuzi. Akioana na mwenye damu salama, hawazai mtoto wa selimundu. Lakini wachukuzi wawili wakioana, kila mimba ina sehemu 1 katika 4 ya kuleta mtoto mgonjwa. Kila mimba, twakariri. Kwani wengi hudhani kuwa wa kwanza akizaliwa mgonjwa, basi watatu wafuatao wamesalimika. Sivyo. Wala si uchawi, wala si kosa la mama, ambaye ndiye atukanwaye. Baba naye ametoa nusu yake.

Jeni hii imeenea kwetu kwa sababu. Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana aliyelelewa Kenya na kusoma Oxford, alipima damu za makabila mbalimbali ya Kenya. Pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria akaona wachukuzi wamepita 20 katika 100. Katika nyanda za juu zenye baridi hawakufika hata 1. Penye malaria ndipo penye jeni. Mwaka 1954 alitangaza kuwa mchukuzi hukingwa na malaria, na uchunguzi wa Kilifi uliochapishwa 2005 ukaonyesha kuwa kinga hiyo, kwa malaria iliyo kali, hukaribia 90 katika 100. Basi pana aibu gani kuwa mchukuzi? Huenda babu zake waliokoka kwa jeni hiyo hiyo.

Saudi Arabia iliwalazimisha wachumba kupimwa selimundu na thalasemia tangu 2004. Majibu hayawazuii kuoana. Hupewa nasaha, wakaamua wenyewe. Mwaka ule wa kwanza, katika kila wachumba 100 walioonekana wamo hatarini, kama 9 tu walivunja uchumba. Kufika 2009 walikuwa kama 52. Hao waliobaki hatuwalaumu. Kadi zimekwisha gawiwa, mahari yamekwisha pokewa, nani atarudi nyuma?

Kwa hiyo twaona vijana wapimwe mapema, kabla hata hawajamjua wa kumposa. Na akitajwa mtoto wa ami, ndiyo zaidi, kwani wawili hao huweza kuirithi jeni moja kwa babu mmoja. Jibu halibadiliki maishani. Karatasi yake yafaa iwekwe pamoja na cheti cha kuzaliwa, ili walii akiulizwa awe nayo mkononi.